Mashine ya Upepo Isiyo na Gia

Kila jioni Hamisa alimaliza kupika, akawakogesha watoto, kisha akatazama juu ya mlingoti. Akiona mapanga ya mashine yanazunguka, roho yake ilitulia.

Mwaka ule wa 1993 nguzo za umeme zilikuwa hazijafika mtaani kwao, Gongo la Mboto. Mumewe, Mwinshehe, alikuwa ameunda mashine ya upepo ya kuchaji betri ya gari. Betri hiyo iliwasha taa moja chumbani kwa watoto. Hamisa aliitaka taa hiyo kuliko kitu chochote, maana kibatari kiliwahi kuunguza chandarua, na binti yao Naima akabaki na kovu mkononi.

Lakini mashine haikumaliza mwezi. Meno ya gia yalikatika. Mwinshehe akaweka gia nene zaidi, nazo zikakatika. Sasa ilikuwa mara ya tatu.

"Nitatafuta gia za lori," alisema Mwinshehe.

"Na mie nirudishe kibatari kwa watoto?"

"Mke wangu, mambo ya ufundi niachie."

Asubuhi Hamisa alikwenda kumweleza jirani yao Mihambo, aliyekuwa fundi wa mota kiwandani kabla ya kupunguzwa kazi. Mihambo ni Mnyamwezi, Mwinshehe ni Mzaramo. Hao ni watani. Mtani akikuambia ukweli, hununi. Akichukua kitu chako, hugombi.

Mihambo alikuja na spana. Akapanda mlingoti, akafungua giaboksi, akashuka nayo begani.

"We Mnyamwezi, mwizi! Rudisha!"

"Nimeiteka, mtani. Njoo uikomboe kwa jogoo."

Majirani wakaangua kicheko. Mwinshehe naye akacheka. Angefanya nini?

"Sasa nisikilize," Mihambo akasema. "Dainamo yako ni ya gari. Inataka kuzunguka mbio ndipo itoe umeme. Mapanga yanakwenda polepole, kwa hiyo umeweka gia ziongeze mwendo. Siyo?"

"Ndiyo."

"Basi upepo hausukumi sawasawa. Unavuma ghafla, unakatika, unavuma tena. Kila kishindo kinayapiga meno ya gia. Na shafti ikipinda kidogo, meno hayakutani vizuri. Hata uweke gia za treni, zitakatika tu."

"Kwa hiyo nikae gizani?"

"Ondoa gia kabisa. Tuunde jenereta pana, izunguke pamoja na mapanga. Tutapanga sumaku nyingi kwenye ngoma ya breki, na mbele yake koili za waya wa shaba. Sumaku zikiwa nyingi, hata mwendo wa polepole unatoa umeme."

"Na ubaya wake?" aliuliza Hamisa.

"Umeuliza vizuri, shemeji. Ni nzito. Inakula sumaku na waya mwingi. Na mlingoti wenu huu utapinda."

Wakakusanya sumaku za spika mbovu kwa mafundi redio. Wakasimika bomba nene, wakalishikilia kwa nyaya nne. Siku ya kwanza taa iliwaka hafifu. Mwinshehe alikuwa amegeuza sumaku mbili. Zilitakiwa kupishana, ncha ya kaskazini kwa ncha ya kusini. Akazirekebisha mwenyewe, huku mtani wake akimzomea kutoka chini.

Msimu wa upepo wa kaskazi ukapita, wa kusi ukaja. Mwinshehe alipanda mara moja kwa mwezi kutia grisi kwenye beringi na kukaza nati. Hakuna kilichokatika.

Ndipo ukatokea msiba Kisarawe. Zamani, kwa kuhofia kibatari, Hamisa asingekubali kulala mbali na watoto hata usiku mmoja. Safari hii alijifunga kanga, akaaga. Alirudi siku ya nne, na hakuuliza habari za taa.