Nta Kwenye Paa la Gari

Kila asubuhi ya shule, Jihan akishakaa tu kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba yake, kelele zilianza. Kwii! Kwii! Zilitoka kwenye lile dirisha la kioo lililowekwa juu, katikati ya paa. Baba yake, Hilali, mfanyabiashara wa hapo Tabora mjini, hakujaliwa subira hata chembe. Alilitandika paa ngumi, likanyamaza kidogo, kisha likalia tena. "Dude hili litanitia wazimu!" alifoka, na Jihan akajikunyata.

Jumamosi moja Hilali aliamua kulitengeneza dirisha hilo nyumbani. Alilifungua, akapangusa vumbi jekundu la barabara ya Sikonge lililoziba reli zake, akausafisha mpira wa pembeni kwa kitambaa kibichi. Adhana ya adhuhuri ilimkuta na kikopo cha grisi mkononi.

"Jihan, mpira ukikauka upake hii, kidogo tu. Usiweke kitu kingine. Mimi nawahi msikitini."

"Sawa, baba."

Jihan alipopanda juu ya kigoda kando ya gari, kikopo kilimponyoka. Grisi yote ikamwagika mchangani. Alizijua hasira za baba yake. Ndipo akakumbuka nta ambayo bibi yake Zeyana huitumia kulainisha zipu na droo za kabati. Alikimbilia jikoni, na kwa haraka zake hakutafuta ile iliyochujwa. Alichukua bonge la masega lililokuwa bado na asali, akalisugua kwenye mpira na reli zote. Kikopo akakifukia nyuma ya banda la kuku.

Hilali aliporudi aliliendesha gari kuzunguka mtaa. Kimya kabisa!

"Ulipaka ile grisi?"

"Ndiyo, baba."

"Mashallah! Fundi wangu huyu!"

Jihan alitabasamu, lakini hakuionea raha sifa hiyo.

Alasiri, jua la kiangazi lilipoichoma ile nta, nyuki waliojenga kwenye dari la ghala bovu la jirani walinusa asali. Walikuja wachache, kisha wakawa wengi. Hilali alikamata ufagio akawachapa, halafu akalivuta lile dirisha la paa kwa nguvu na kuwaponda kwenye reli. Hapo ndipo nyuki walipocharuka. Walimvamia usoni, shingoni, mpaka masikioni. Mbuzi aliyefungwa ukutani alirukaruka huku akilia, akaanguka, na hakuamka tena. Jihan na bibi yake walijifungia ndani. Hilali alitoka mbio hadi nje ya geti, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

Huko nje akakutana uso kwa uso na Anakleti, mrina asali wa Ulyankulu, aliyekuwa anamletea bibi asali kama kawaida yake. Baiskeli yake ilikuwa imefungwa ndoo mbili nyuma.

"Kumbe ni wewe unayetuletea nyuki!" Hilali alinguruma. Alimkamata ukosi, akamwangusha chini pamoja na baiskeli.

"Bwana Hilali, ndoo zangu zimefungwa! Ndiyo kwanza nafika!"

Nani amsikilize? Uwesu, jirani aliyekuwa naye ameumwa na nyuki, alikuja na mpini wa jembe. Ulimshukia Anakleti mgongoni. Hilali akaunyakua, akampiga begani, na mfupa ukalia. Damu ilimtoka Anakleti puani.

Jihan aliyaona yote dirishani, kupitia geti lililoachwa wazi. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akinyamaza, mtu huyu atauawa. Alijifunika kanga ya bibi, akafungua mlango, akaukata ua mbio huku nyuki wakimchoma mikono na miguu. Alijitupa juu ya Anakleti.

"Baba, acha! Ni mimi! Grisi niliimwaga, nikapaka masega ya bibi!"

Mpini ulibaki hewani. Hilali alimtazama binti yake, kisha akazitazama ndoo. Vifuniko vyake vilikuwa bado vimekazwa kwa kamba. Aliutupa mpini, akapiga magoti.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Anakleti alitema damu. "Nilikwambia zimefungwa. Hukutaka hata kutazama."

Uwesu, kwa aibu, alikimbia kutafuta bajaji. Hospitalini Anakleti alifungwa bega, na Hilali alikaa naye mpaka asubuhi. Kabla jua halijapanda, nyuki wakiwa bado wametulia, alirudi nyumbani, na yeye na Jihan wakaiosha nta yote kwa maji ya moto na sabuni, wakapaka grisi mpya.

Siku Anakleti aliporuhusiwa, walimpeleka kwao Ulyankulu kwa gari lilelile. Paa halikulia tena. Njiani Hilali alisema, "Jihan, kumwaga grisi lilikuwa kosa dogo. Uongo ndio uliolikuza. Lakini aliyelivunja bega hili ni mimi, na wewe ulidanganya kwa kuiogopa hasira yangu. Kuanzia leo, utasema kweli hata ukiogopa, na mimi nitauliza kabla sijanyanyua mkono."

Jihan alimgeukia Anakleti, machozi yakimtoka. "Nisamehe, mzee Anakleti."

Yule mrina asali aligeuka polepole kitini akamtazama, mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Ulichelewa kusema, mwanangu," alijibu. "Lakini ulisema nikiwa bado hai."