Nakala Nyepesi

Kompyuta ilipowaka bila kulalamika, Mama Chiriku alicheka peke yake. Angejua, angeitupa jalalani siku ile ile.

Yeye alikuwa mhariri wa video za harusi. Kazi aliifanyia nyumbani, katika chumba cha nyuma chenye mapazia mazito, yaliyofungwa mchana kutwa ili rangi zionekane sawasawa kwenye kioo. Mwaka huo wapiga picha walikuwa wamenunua kamera mpya, na faili zake zilikuwa nzito kupindukia. Programu yake ya zamani haikuzifungua. Akaweka programu mpya. Nayo ikaikataa kadi ya picha, kile kifaa chenye feni ndani ya mashine kinachoonyesha picha kwenye kioo. Akaazima kadi nyingine. Hiyo nayo ikaikataa programu. Zikawa kama wake wenza: huyu akiingia, yule anafunga virago. Mwishowe fundi wa kompyuta akamletea kadi iliyotumika, aliyoitoa kwenye mashine ya mhariri mmoja aliyeacha kazi ghafla na kuhama na familia yake.

"Ina kelele kidogo," fundi alisema, macho yake yakiwa mlangoni. "Lakini inakubali kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, dada. Hata mimi nilishangaa."

Alikaribishwa maji ya kunywa, akasema hana kiu, akaondoka.

Na kweli ilikubali. Ilifungua faili za kamera mpya, ikafungua za kamera za zamani, ikafungua hata zilizoharibika ambazo haki ya Mungu hazikustahili kufunguka. Feni yake ilivuma kwa kupanda na kushuka, taratibu, kama mtu aliyelala. Ikipata moto ilitoa harufu ya marashi ya waridi. Mama Chiriku alijiambia kwamba bora marashi kuliko plastiki inayoungua. Siku moja alizima mashine na kuchomoa waya, na alipokuwa anafunga mlango akaisikia feni bado inavuta pumzi. Akayalaumu masikio. Mtu anayeshinda na hedifoni tangu asubuhi, mpaka jioni mume anarudi kutoka kazini na kupita mlangoni pake bila kusikika, masikio yake yana haki ya kuchoka.

Aliyekataa ni binti yake wa miaka mitano. Walimwita mtoto huyo Chiriku kwa sababu ya mdomo: alikuwa akiongea na vikombe, na viatu, na mvua. Lakini chumbani humo alisimama kizingitini tu.

"Mama, kuna mtu humo."

"Ni feni, mwanangu."

"Feni haiulizi jina langu."

Mama Chiriku alicheka, akafunga mlango. Alikuwa na harusi ya kumaliza.

Faili nzito hazikatwi hivi hivi. Mhariri huiambia mashine itengeneze nakala nyepesi: sura ile ile, sauti ile ile, ila vitu vidogo vidogo vimepotea, kama kope na nyuzi za nguo. Anakatakata hizo nakala, na kazi ikiisha anaziondoa na kurudisha faili asili mahali pake. Mama Chiriku alifika hatua hiyo mchana mmoja, bibi harusi na mawifi zake wakiwa tayari sebuleni wanasubiri video yao. Ghafla kioo kikawa chekundu. Wekundu huo kila mhariri anaujua na kuuchukia, kwani maana yake faili asili haionekani. Maandishi yakatokea: Faili asili haipo. Onyesha ilipo.

Kilikuwa kipande kifupi mno, hata kupepesa jicho ni kurefu kuliko hicho. Alikitafuta kwenye diski zote asikione. Sebuleni vicheko vilikuwa vimegeuka kuwa kimya cha watu wanaotazamana. Basi akafanya wanachofanya wahariri wakibanwa, na usimwamini anayekuambia hajawahi: akaonyesha faili yoyote iliyokuwa karibu, alimradi wekundu uondoke, akijiambia atarekebisha baadaye. Faili ya karibu ilikuwa video ndogo aliyoipiga jana yake. Chiriku amesimama mlangoni, anacheka, anasema, "Mama, njoo uone!"

Wekundu ukaondoka. Feni ikavuta pumzi ndefu, ikanyamaza.

Wageni walikwenda na harusi yao wakimshukuru. Alikuwa bado anapunga mkono aliposikia nyuma yake:

"Mama, njoo uone!"

Chiriku alikuwa mlangoni pa chumba cha nyuma, anacheka. Mama akamfuata. Hakukuwa na cha kuona.

"Nione nini?"

"Mama, njoo uone!"

Lilikuwa neno lile lile kwa sauti ile ile, na kicheko kilikatika pale pale kilipokatikia jana. Mama Chiriku akainama. Akamwinua mtoto, na mikono yake ikapanda juu zaidi ya alivyokusudia, maana hakukuwa na uzito wa kuizuia, akampeleka dirishani na kuvuta pazia, na mwanga ulipompiga mtoto usoni akaona kwamba kope hazikuwa kope, zilikuwa mstari mmoja mweusi uliofifia, na ngozi haikuwa na kinyweleo hata kimoja, na begani pale palipokuwa na kovu la chanjo palikuwa laini tupu, na shingoni alikozoea kunusa jasho la mtoto palinuka marashi ya waridi, na wakati huo huo kutoka chini ya meza, ndani ya mashine, katikati ya mvumo wa feni ulioanza upya, mtoto alikuwa analia.

Mama Chiriku alimpigia simu shangazi yake, mganga aliyekwisha kutoa majini katika nyumba nyingi, na ambaye aligombana nayo kama wengine wanavyogombana na wapangaji wakorofi.

Shangazi alifika upesi. Alimtazama mtoto, akatazama mashine, akachomoa waya. Feni ikaendelea kuzunguka.

"Mimi mambo haya ya vioo siyajui," alinong'ona. "Lakini mwenye hii nyumba ya bati ninamjua. Nani alimkaribisha?"

"Hakuna aliyemkaribisha, Shangazi."

"Nilionyeshwa," feni ikasema.

Ilikuwa sauti ya upole.

"Niliuliza asili iko wapi. Akanionyesha kwa mkono wake."

Shangazi akageuka polepole. "Ulimwonyesha mtoto?"

"Nilibofya tu! Nilibofya kilichokuwa karibu. Wageni walikuwa wananisubiri."

"Ewe mwanamke." Shangazi akainama chini ya meza. "Umepewa kwa makosa. Rudisha."

"Anionyeshe iliyo asili. Atakachokitaja kitarudi."

Shangazi akamshika mpwa wake mabega, akamkalisha na kumweka mapajani mtoto aliyekuwa bado anacheka kicheko cha jana.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Mtaje mwanao. Kila unachokijua. Usiruke hata kimoja, maana huyu hatakukumbusha."

Mama Chiriku akaanza, machozi yakimwingia mdomoni. Akataja kovu la chanjo, bega la kushoto, nalo likachomoza kwenye ngozi. Akataja kope, akataja jino la mbele lililomeguka kwenye ngazi. Akataja kidoa nyuma ya sikio, goti lenye alama ya kuungua, na vidole vya mguu vilivyopandana. Akataja jinsi anavyoogopa kuku na kumpenda bibi yake, anavyolala kifudifudi, anavyosema "kesho" akimaanisha jana. Alipofika kwenye mdomo usiotulia, mtoto akakohoa, akawa mzito ghafla mapajani mwake, akaangua kilio.

"Mama, nina njaa! Mama, kule kuna giza! Mama, kwa nini Shangazi Bibi alikuwa chini ya meza?"

Mama Chiriku alimkumbatia hata mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Shangazi alifungua mashine, akaing'oa kadi, akaivunja vipande kwa nyundo huku akiitukana, kisha akaifunga kwenye kitambaa na kuondoka nayo. Alikokwenda kuitupa hakusema.

Jioni Mama Chiriku hakuvaa hedifoni. Alikaa sebuleni, Chiriku mapajani, akimsikiliza anavyoongea na kijiko. Alijiapiza kwamba hatamfungia tena mlango mtoto huyu, na alikuwa anamaanisha.

Mume akafungua mlango wa mbele. Kabla ya kusalimu, alisimama kizingitini na kupiga mluzi, sauti tatu zinazopanda. Kisha akangoja, anatabasamu, mikono ameitanua.

Chiriku alimtazama tu.

Baba akarudia. Tabasamu likaanza kupungua.

"Vipi, mmegombana leo? Chiriku, malizia basi."

"Nimalizie nini, Baba?"

Baba akacheka kidogo, akamtazama mkewe. "Amesahau mluzi wetu? Kila nikirudi mimi naanza, yeye anamalizia. Nyumba nzima inasikia, labda wewe na hedifoni zako."

"Mluzi gani?" Mama Chiriku aliuliza, na mikono yake iliyomshika mtoto ikalegea.

Baba alipiga mluzi mara ya tatu, amwonyeshe. Chiriku alikaa kimya mapajani, anachezea kijiko. Lakini kutoka chumba cha nyuma, ndani ya mashine isiyo na waya wala kadi, mtoto aliumalizia.