Bega la Mbinya

Kila jioni nyumbani kwa Ndolo, karibu na Migwani, ungesikia kinu. Tu! Tu! Tu! Ni mahindi ya muthokoi yakitwangwa, maganda yatoke, yapikwe na maharagwe. Mwaka huo wa 1978 aliyetwanga alikuwa binti yake, Mbinya. Tena alitwanga kwa mkono mmoja tu, wa kulia.

"Huo wa kushoto weka mgongoni," Ndolo alimwambia. Yeye alikuwa ameketi zake kwenye kigoda. "Mkuki unarushwa na mkono gani?"

"Wa kulia, nau," Mbinya akajibu. Nau ni baba, kwa Kikamba.

"Basi twanga!"

Ndolo hakuwa mtu mbaya, jamani. Alimpenda huyu msichana kupita kiasi. Mbinya alikuwa amewashinda wasichana wote wa Kitui kwa kurusha mkuki. Sasa alitakiwa kwenda Embu, kwenye mashindano ya mkoa. Akishinda huko, angeenda Nairobi. Ndolo mwenyewe alikuwa hodari wa upinde ujanani. Aliamini nguvu zote za mchezo hukaa mkononi.

Jioni moja Mbinya aliweka mchi chini. "Nau, bega linauma. Hata kulala silali. Mwalimu Kaluki wa michezo amesema nipumzike mpaka tuende Embu."

"Upumzike? Wenzako wanajitayarisha, wewe upumzike? Hiyo ni nguvu inaingia. Syokau, lete samli!"

Syokau, mama yake Mbinya, alileta samli ya moto. Ndolo akalikanda bega, akauvuta mkono kwa nguvu. Mbinya aliuma kanga asipige kelele.

"Baba Mbinya, mwache mtoto," Syokau akasema.

"Wewe unajua nini kuhusu mkuki?"

Mbinya akarudishiwa mchi wake. Aiya! Laiti mama huyo angesikilizwa.

Siku ya Embu ikafika. Mbinya alirusha mara ya kwanza, mkuki ukaenda vizuri. Mara ya pili alikimbia, akainua mkono, akapiga ukelele. Mkuki ulianguka hapo hapo mbele yake. Ndolo alikimbia uwanjani, akamkuta amepiga magoti, ameshika bega.

"Nau, nisamehe," Mbinya akasema.

Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Neno hilo lilimchoma Ndolo, na linamchoma mpaka leo.

Daktari alisema kano za bega zimekatika. Zilianza kuchanika zamani, polepole, kwa kazi nyingi bila kupumzika. Mbinya angeweza kulima kidogo na kupika. Kurusha mkuki, basi tena.

Mwalimu Kaluki alikuja nyumbani kuwapa pole. Ndolo akamuuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi? Nilitaka mkono uwe na nguvu."

Kaluki aliokota fimbo. "Mzee, keti kwenye kigoda chako. Rusha hii."

Ndolo akarusha. Fimbo ilianguka karibu na kinu.

"Sasa simama. Kimbia kidogo, halafu urushe."

Fimbo ilipita zizi la mbuzi.

"Mkono ni ule ule," Kaluki akasema. "Kilichoongezeka ni nini?"

"Miguu," Ndolo akajibu polepole.

"Miguu, kiuno na mgongo. Nguvu inatoka chini. Mkono unaipokea mwisho. Na upinde wako, uliuvuta kwa mkono peke yake?"

Ndolo aliinamisha kichwa. Upinde aliuvuta kwa mgongo. Mwili wake ulijua hilo miaka yote, na yeye hakuwahi kulifikiria.

"Misuli ikichoka tu, inapona baada ya siku chache," Kaluki akaendelea. "Lakini bega likiuma ndani, likikunyima usingizi, hiyo si nguvu inaingia. Acha kurusha. Usilivute, usilikande kwa nguvu. Nenda hospitali mapema."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilimwambia mtoto, nikaona inatosha. Nilipaswa kuja mwenyewe. Hata mimi najilaumu, mzee."

Miaka ikapita. Kalondu, mdogo wake Mbinya, naye akashika mkuki. Aliyemfundisha ni Mbinya. "Miguu kwanza!" alikuwa akimpigia kelele. Siku Kalondu aliposema bega linamuuma, Ndolo aliuchukua mkuki akauweka juu ya dari. Alitwanga muthokoi mwenyewe, mwanamume mzima. Majirani wakacheka mpaka wakachoka.

Kalondu alikwenda Embu, akawa wa pili, akarudi na mabega yake mazima. Nyumbani watu waliimba. Mbinya alitaka kumkumbatia mdogo wake shingoni. Mkono wa kushoto ulifika. Wa kulia uliishia kifuani.

Ndolo aliona. Aliondoka pale kwenye nyimbo, akaenda kwenye kinu. Akaanza kutwanga, kwa nguvu, kwa mkono mmoja, huku machozi yakimtoka.

Mbinya alimfuata. Akasimama karibu naye.

"Nau," akamwambia, "tumia mikono yote miwili. Utaumia."