Bibi Hajafa

Kila siku, akitoka chuoni kusoma Kurani, Zeyana alikwenda kwa Sista Klara, mtawa wa misheni ya Wafaransa pale Bagamoyo, kujifunza Kifaransa, akarudi amekunja uso kama aliyetafuna shubiri. Sarufi ya Kifaransa ilimtia kinyaa, na zile sauti za puani zilimchefua kabisa. Lakini baba yake, Abdullatif, aliwauzia Wafaransa sandarusi, ile gundi ya miti, naye alitaka mtu wa nyumbani mwake ajue lugha yao.

Zeyana alikuwa na njia yake ya mkato. Walipokuwa wakiishi Unguja, kabla ya kuhamia Bagamoyo, jirani alimfundisha Kiingereza, naye akakionea fahari mno. Basi kila sentensi ya Kifaransa aliitunga kwanza kwa Kiingereza, kisha akageuza neno moja moja. Sista Klara alimkanya mpaka akachoka, naye Zeyana alibetua midomo tu.

Asubuhi moja bibi yake, Bi Khairiya, alishikwa na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia.

"Kimbia kwa Sista ukaniombee kwinini," alisema, meno yakigongana. "Mwambie nina baridi. Sema kwa Kiswahili tu, anakisikia kidogo."

Kiswahili kwa Sista? Zeyana aliona karaha hata kulifikiria jambo hilo.

Chumba cha dawa kilinuka mafuta ya samaki. Sista alipomwona anahema, alinyoosha mkono kwenye chupa ya kwinini. Zeyana aliziba pua, akafikiri. Waingereza hawasemi mtu ana baridi. Husema yu baridi. Akayageuza maneno hayo kama yalivyo: bibi yangu yu baridi.

"Ma grand-mère est froide!"

Sista Klara alishika kifua. Akaiacha chupa, akachukua bafta nyeupe na mshumaa, akatangulia njiani huku akifuta machozi. Zeyana alimfuata akishangaa dawa gani hiyo.

Bi Khairiya alikuwa amepitiwa na usingizi. Alipofumbua macho, bafta ilikuwa imekwisha kutandazwa miguuni pake.

"Sanda?" Aliipiga teke. "Astaghfirullah! Nani kafa humu?"

Sista akapiga ukelele. Alimgusa Bibi kipaji cha uso, akakikuta cha moto kama kikaango, akatoka mbio kwenda kuleta kwinini. Zeyana alibaki amesimama palepale. Safari hii hakukichukia Kifaransa, alijichukia mwenyewe.

Bibi alipokwisha kuimeza dawa na kusonya kwa uchungu wake, Sista alimgeukia mwanafunzi wake.

"Wewe kusema 'est froide'. Hiyo maiti! Bibi ana baridi: elle a froid. Bibi ana njaa: elle a faim. Ana, a. Wewe kwenda kwa Kiingereza kwa nini?"

Zeyana aliduwaa. Ana njaa, ana kiu, ana miaka sitini: maneno hayo aliyasema tangu utotoni, na Wafaransa nao waliyasema hivyo hivyo. Akamweleza bibi yake jinsi alivyopitia Kiingereza, kichwa chini.

"Mtu wa Bagamoyo haendi Kaole, hapa jirani tu, kwa kupitia Unguja ng'ambo ya bahari," alisema Bi Khairiya. "Kila lugha ina mlango wake, mjukuu wangu. Ingia kwa mlango huo, usitoboe ukuta kwa nyundo ya lugha nyingine. Na mwalimu akikukanya, sikia, maana leo kiburi chako nusura kinizike hai. Haya, niletee maji. Nina kiu."

"Elle a soif," Zeyana alinong'ona akienda mtungini, na safari hii hakupitia Unguja.