Chupa ya Damu ya Clemence

Hedwiga alikuwa akichagua tangawizi sokoni Same, gauni lake la njano likiwasahaulisha wauza nyanya wateja wao, muuzaji alipomwambia asiibonyezebonyeze sana, isije ikamposa. Alicheka kabla hajamtazama. Alipomtazama muuzaji huyo, Clemence, kijana wa Mbaga mwenye shati lililopigwa pasi likakubali, moyo ukawa umeshakwenda.

Zikafuata simu za asubuhi na jioni, umekula, umelala, umeniota. Kisha Clemence akapatwa na homa isiyokatika. Kila alikokwenda walimpima kwa tone la damu, wakamwambia taifodi, akameza vidonge, homa ikatulia na kurudi. Hedwiga, mtu wa maabara, hakukiamini kipimo kile cha haraka, maana huweza kuonyesha hata taifodi iliyopona zamani. Akamtoa damu ya kutosha, akaitia kwenye chupa ya kuoteshea vijidudu, akamwambia majibu yatachukua siku kadhaa. Zaidi ya hapo hakueleza, na hapo ndipo alipoharibu.

Jioni simu ikalia.

"Hedwiga, unanipima UKIMWI kwa siri?"

"Ninatafuta taifodi, mpenzi."

"Taifodi ni tone moja, na majibu napewa palepale. Kile kipimo kingine watu huenda wawili, wakitaka kutangazwa kanisani. Wewe umenipima peke yangu, kama mwizi."

Akakata, akapanda kwao Mbaga na homa yake, simu akaizima.

Hedwiga alilia, akakasirika, akarudi kuichungulia chupa. Vijidudu vikaota. Ilikuwa taifodi kweli, tena sugu kwa vidonge vile vyote. Hofu ikamshika, kwani taifodi ikiachwa hutoboa utumbo. Daktari akaandika dawa nyingine, Hedwiga akapanda nayo mlimani.

Alimkuta uani, amejifunika blanketi juani, amekonda. Akamwamkia mama mtu, shikamoo, akaitikiwa marahaba, mama akaenda kuchemsha maji ya kunywa. Hedwiga akampa Clemence majibu, akamweleza yote aliyopaswa kumweleza siku ile.

"Nimekukosea," Clemence akasema.

"Na mimi. Meza dawa kwanza."

Akameza. Kisha akamshika mkono, wake ukiwa bado wa moto.

"Nikipona, tushuke tukapime kile kingine. Wawili."

Hedwiga alijikuta machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

"Basi pona upesi," akasema. "Hili gauni la njano nimelichoka, nataka jeupe."