Mbegu Zinazosubiri Kuitwa

Mnara ulipoanza kuvuma, wageni waliokaa chini ya turubai waliusikia kwanza kwenye meno. Ulikuwa mvumo mzito kama wa nyuki ndani ya gogo, ila haukupita hewani; ulipita chini ya ardhi, ukawapanda kwa nyayo. Wageni wakaangaliana. Wakaletewa chai, wakanywa, na kabla vikombe havijakusanywa udongo mwekundu wa Dodoma ukaanza kupasuka vijiufa. Ncha za kijani zikachomoza shamba zima kwa pamoja, kama darasa lililoambiwa simameni.

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alivua kofia akasahau kuirudisha.

"Hii ndiyo mbegu sikivu," alisema Profesa Rweyongeza, mkuu wa Taasisi ya Chakula cha Kesho, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. "Ilikuwa humo ardhini tangu mvua ya kwanza. Imelowa, imeshiba maji, lakini haikuota. Ilikuwa inasubiri kuitwa."

Nyuma yake, machozi yakimlengalenga, alisimama Dakta Nyemo Chiloleti. Mnara ulikuwa kazi ya wengi, lakini uwele uliochomoza pale ulitoka kijijini kwao, Chilungwa, na aliyeuleta ni yeye. Nyemo aliijua mvua ya kudanganya. Utotoni alimwona mama yake akipanda, mvua ikakata, miche ikakauka. Akapanda tena, ikakauka tena. Mwisho akapanda hata nafaka waliyopaswa kula, na mwaka ule wakamzika mdogo wake Nyemo. Kwa hiyo mbegu inayojua kungoja haikuwa kwake habari ya maabara tu. Mashine-tabiri ilisoma mawingu kutoka angani, ikatambua mvua ipi ni ya kweli, ndipo mnara ukavuma na mbegu ikaamka. Nani angeukataa msaada wa namna hiyo?

Kuipata mbegu yenyewe hakukuwa na tabu. Shangazi yake, Bi Matika, alikuwa mkubwa wa wanawake wanaotunza mbegu pale Chilungwa. Tembe za siku hizi zina paa za kuvuna umeme wa jua, na maji huletwa na mashine zinazotambaa zenyewe, lakini juu ya mafiga uchanja ungalipo. Masuke ya mbegu huwekwa pale, meusi kwa moshi, wadudu hawayasogelei. Mgeni akiomba mbegu hupewa kiganja. Binti wa nyumba akiomba, hapimiwi: anashushiwa masuke bora kuliko yote, halafu aliyetoa na aliyepokea wanakula ugali wa uwele huohuo kwenye sahani moja. Siku Nyemo alipokuja kuomba, yeye na shangazi yake walikula hivyo wakitaniana.

"Huyo profesa wako anayevaa glavu kushika mbegu," Matika alisema, "mwambie hizi hazing'ati."

"Atazirudisha, shangazi. Tena zikiwa safi zaidi."

"Zirudi tu, mwanangu. Zikikuona wewe zitajua njia."

Zilirudi kweli. Mwaka uliofuata onyesho lile la mnara Taasisi ilimkabidhi Nyemo vifuko, kila kaya chake, akaambiwa ni uwele uleule wa Chilungwa, umeondolewa magonjwa tu, na utaota kwa mvua kama ulivyozoea. Akaupeleka mwenyewe. Wanawake wakaupokea kwa vigelegele, wakaufanyia kile ambacho pale hufanyiwa mbegu iliyosafiri: inalazwa. Huchanganywa na ndugu zake waliobaki nyumbani, chungu kimoja, kiangazi kizima, mpaka izoee tena kwao, ndipo hupandwa. Hakuna aliyewaza mara mbili. Uwele ukaota, ukatoa maua, upepo ukabeba chavua kutoka shamba hili hadi lile, na mavuno yakawa mazuri hata watu wa vijiji vya jirani wakaja kuomba mbegu.

Msimu uliofuata Chilungwa hakukuota kitu.

Nyemo alipofika alikuta inanyesha ile mvua ya taratibu ambayo mkulima huomba usiku na mchana. Mashamba yalikuwa yamelowa vya kutosha kuotesha, na hayakuwa hata na jani. Wanawake walisimama kwenye kingo, kanga kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone ajabu hii. Ndege hawajala, mchwa hawajala. Kuna wanaosema tumerogwa. Mimi nimewaambia, ngojeni Nyemo aje, mbegu ndicho kitabu alichosomea."

Nyemo akachutama, akafukua kwa kidole. Mbegu ilikuwepo. Haikuoza. Ilikuwa imevimba, imenona, inang'aa kama jicho. Mbegu za namna hiyo alikuwa amezishika kila siku ya kazi yake, na hakuhitaji kuambiwa ni nini. Akapiga magoti kabisa kwenye tope.

Akatoa mkobani kizinduzi, kile chombo kidogo cha maabara cha kujaribia mbegu, ambacho mvumo wake hauvuki upana wa ungo. Akaweka punje chache kiganjani, akakibonyeza. Kikavuma. Wakasubiri yeye na shangazi yake, maji yakiwatiririka usoni, mpaka punje moja ikapasuka na kijizizi cheupe kikaanza kumtekenya ngozi.

Matika akavuta pumzi. "Kumbe ziko hai!"

"Ziko hai, shangazi."

"Sasa zinangoja nini?"

Nyemo akafumba kiganja. "Hamna zozote za zamani? Ambazo hazikulazwa pamoja na zile nilizoleta?"

"Za zamani nani anaziweka? Zinaliwa. Zilizoko uchanjani ni za mavuno haya ya juzi, na kwa majirani ni hizohizo, walizitoa kwetu." Matika akamwangalia vizuri. "Habari za kulaza zimeingiaje hapa?"

"Nitarudi, shangazi. Ngoja nikaulize."

Alimkuta Profesa ofisini akimwagilia maua ya dirishani. Hakungoja kukaribishwa.

"Uliniambia usikivu haumo kwenye zile mbegu!"

"Kaa kwanza, Nyemo. Nilikuambia zitaota kwa mvua. Hazikuota?"

"Zenyewe ziliota. Watoto wao hawaoti."

"Ndiyo. Usikivu tuliuficha ujitokeze kwenye kizazi cha pili. Jambo hilo lilijadiliwa kwa kina."

"Lilijadiliwa na nani?"

"Na wahusika."

"Mimi nilizibeba kwa mikono yangu, na si mhusika?"

Profesa akashusha pumzi, kama mzazi anayeeleza kitu kwa mara ya pili. "Wewe ulimzika mdogo wako kwa sababu kila mtu alipanda kwa kubahatisha. Nusu ya nchi ikiendelea kubahatisha, mnara una kazi gani? Tungewauliza, wangekataa, na njaa ikija tungelaumiwa sisi. Sasa wasaini tu. Wakubali uwele ni wa Taasisi, walime tutakachowapangia, na kesho tunafukia pale Chilungwa ngoma za ardhini, zile zinazopokea mvumo wa mnara na kuusambaza. Mvumo ukifika, mashamba yao yatakuwa kijani kama ulivyoona."

"Na masuke yale ya kwanza? Yale ya moshini, yako kwenye ghala la baridi. Nipe hayo tu niwarudishie, wataanza upya."

"Hayo ni mali ya utafiti sasa."

"Nilipewa kwa sababu ni mtoto wa pale!"

"Najua. Na tunakushukuru."

Alisema kwa dhati. Nyemo akajaribu upande mwingine. "Lakini vifuko vile vilikuwa vidogo. Wangeweza kuvipanda pembeni, chavua isifike kila shamba. Ungejuaje kwamba wata..."



Profesa akaweka chini kopo la maji. Usoni hakuwa na aibu. Alikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyochoma. "Ulinieleza wewe. Tulikuwa kantini, tunakunywa chai, ukanisimulia jinsi mama zenu wanavyoilaza mbegu iliyosafiri pamoja na ndugu zake. Ulisimulia vizuri sana. Nikajua hatuna haja ya kuisambaza sisi. Wangeichanganya wenyewe."

Nyemo alikumbuka. Alikumbuka jinsi alivyocheka akisimulia, na jinsi mtu yule mkubwa alivyoegemeza kidevu kwenye kiganja, akamuuliza, chungu kimoja? Chote? Na yeye akajibu, chote, akifurahi kwamba kuna mtu mjini anayetaka kusikia mambo ya kwao.

Aliporudi Chilungwa mvua ilikuwa bado inanyesha. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye tembe ya Matika, na uchanja wa juu ya mafiga ulikuwa mtupu, masuke yake yameshasagwa unga. Nyemo akawaeleza yote aliyoyaweza: usikivu uliofichwa, chavua, masuke yaliyofungiwa kwenye baridi, sahihi inayotakiwa. Akasema ataacha kazi, atakwenda mahakamani, atasimama redioni.

"Utapigana, sawa," alisema Bi Yudita, jirani mwenye wajukuu wengi. "Lakini kupanda ni sasa. Wale watoto nitawaambia walale na kesi yako?"

"Ukisaini leo, kesho watakuja kukuchagulia na mboga," mwingine akamjibu.

"Waje! Wakija nitakuwa nimeshiba, nitawatukana vizuri."

Wachache walicheka, kicheko cha kuishiwa. Kisha mikono ikapanda, mmoja, halafu mwingine, mpaka ikawa karibu yote. Wangesaini. Matika hakuinua wake wala hakumzuia mtu.

Watu walipokwisha kutulia, ndipo akasema, taratibu, akitazama moto.

"Kitu kimoja hakiniingii. Huyo profesa hajawahi kukanyaga hapa. Nani alimwambia kwamba sisi tunalaza mbegu?"

 Kabla mtu hajajibu, wote wakausikia kwa nyayo: mvumo, mwembamba kwa umbali, usiotosha kuamsha hata punje, ukitoka upande wa Taasisi. Mashamba ya kule yalikuwa yanaitwa.

Nyemo akainamisha uso. 

Matika akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa. Akainuka, akapakua ugali wa uwele kwenye sahani moja, ugali wenye harufu ya moshi, akauweka mbele ya Nyemo.

"Tulikula zilipoondoka," alisema. "Leo zimerudi. Kula."

Nyemo akamega tonge, akatia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu. Akangoja mkono wa pili uje sahanini, kama inavyopaswa. Mkono haukuja.

"Shangazi, huli?"

"Nimeshiba, Daktari."