Mtoto wa Mgongoni

Haya yalimpata rafiki yangu Mudathiru, fundi cherehani wa Kamembe. Mwaka wa tisini na sita, akikimbia vita vya Bukavu, alimfungua mtoto wa dada yake mgongoni akamwacha njiani, bado akilia. Dada yake alipomuuliza, Mudathiru alisema homa ndiyo iliyomuua mtoto.

Miaka ikapita, saratani ikamshika Mudathiru, akapelekwa hospitali Nairobi. Dada huyohuyo ndiye aliyemfungia chapati za safari.

Nesi alimdunga dawa ya mionzi, akamwonya: "Mzee, leo usibebe mtoto, mionzi itamdhuru." Akazima taa, akamwacha alale kimya ili dawa isambae mwilini. Gizani Mudathiru akasikia pumzi fupifupi, zenye kwikwi, nyuma ya sikio lake.

Baada ya vipimo, daktari alimwonyesha picha ya eksirei: mwili mmoja, wake. Kisha akailaza juu ya picha hiyo picha ya ile dawa, inayong'aa mahali ilipokusanyika.

"Mzee, ulikuwa na nani mle ndani ya mashine?"

"Hakukuwa muntu, dokta. Mimi mwenyewe tu."

Ila pale pichani, shingoni mwake iling'aa mikono miwili midogo, vidole vimeshikana chini ya kidevu.